Star Trek: ufuate miaka ya kurushwa au miaka ya hadithi?

Mwaka 2364, ndani ya chombo cha anga Enterprise, anaamshwa mwanamuziki aliyegandishwa kwa baridi tangu karne ya 20. Jina lake L. Q. Clemonds. Haulizi nani anatawala Dunia wala vita viliishaje. Anatafuta pa kuwashia televisheni, aone kama timu yake ya besiboli inacheza. Riker, msaidizi wa kapteni, halielewi hata neno lenyewe. Anayemwokoa ni Data, afisa ambaye ni mashine yenye umbo la mtu: burudani ya aina hiyo, anasema, haikudumu sana baada ya mwaka 2040.

Sehemu hiyo inaitwa "The Neutral Zone" na ilirushwa Mei 1988. Ilirushwa kwenye televisheni, bila shaka. Nimeianzia hapo makusudi, kwa sababu swali la mtu anayetaka kuijua Star Trek, mifululizo ya televisheni ya Kimarekani kuhusu safari za anga za siku zijazo, huwa ni moja, nianze wapi, na jibu linategemea unaichukuliaje televisheni. Wapo watakaokwambia ufuate mpangilio wa kurushwa, yaani uanze na 1966. Wengine watakwambia ufuate miaka ya hadithi yenyewe, uanze na 2151. Kazi nzima, pamoja na katuni zake, ina sehemu zaidi ya 900, mbali na filamu. Ukiingia kwa mlango usiokufaa unaweza kuchoka kabla hujafika sebuleni.

Mimi nimezijaribu njia zote mbili. Nitafichua mambo mawili matatu ya hadithi humu, kwa hiyo asiyependa kufichuliwa asome jedwali tu kisha aende zake.

| Mfululizo | Ulirushwa | Hadithi yake ni ya |
|---|---|---|
| Star Trek (wa kwanza) | 1966–1969 | miaka ya 2260 |
| The Next Generation | 1987–1994 | 2364–2370 |
| Deep Space Nine | 1993–1999 | 2369–2375 |
| Voyager | 1995–2001 | 2371–2378 |
| Enterprise | 2001–2005 | 2151–2155, na mwisho wake 2161 |
| Discovery | 2017–2024 | 2256–2258, kisha karne ya 32 |
| Picard | 2020–2023 | kuanzia 2399 |
| Strange New Worlds | kuanzia 2022 | kuanzia 2259 |

Katuni nimeziacha nje. Si kwamba hazifai, Lower Decks inachekesha kweli, lakini nusu ya utani wake ni kumbukumbu za mifululizo mingine. Iweke mwishoni, njia yoyote utakayoichagua.

Skrini ya Archer na skrini ya Kirk

Tofauti ya njia hizi mbili naiona vizuri zaidi kwenye tukio moja dogo kuliko kwenye jedwali zima.

Desemba 1966 ilirushwa sehemu iitwayo "Balance of Terror". Spock, afisa wa Kapteni Kirk mwenye asili ya Wavulcan, watu wa sayari nyingine, anawasimulia wenzake vita vya Dunia na Waromulan, maadui wa kutoka anga za mbali, vilivyopiganwa zaidi ya miaka mia moja nyuma yao. Anasema vyombo vya enzi hizo vilikuwa duni, silaha zilikuwa za atomiki, na hapakuwa na mawasiliano ya picha kati ya chombo na chombo. Hata mkataba wa amani ulifikiwa kwa redio. Ndiyo maana hakuna binadamu aliyewahi kuiona sura ya Mromulan, wala Mromulan aliyeiona ya binadamu. Baadaye kidogo wanafanikiwa kunasa picha kutoka ndani ya chombo cha adui. Skrini inaonyesha kamanda mwenye masikio ya ncha na nyusi zilizopanda juu. Ni sura ya Wavulcan, ya kina Spock. Hakuna anayesema neno, lakini macho yote yanamgeukia Spock kitini mwake, na afisa mmoja ambaye ukoo wake ulipoteza watu katika vita hivyo anaanza kumshuku palepale.

Mtazamaji wa 1966 hakuona ajabu yoyote hapo. Kwake simu ilikuwa sauti tu, na televisheni ilileta picha upande mmoja, kutoka kituoni hadi nyumbani. Vita vya angani bila picha vilimwingia akilini.

Sasa chukua njia ya pili. Unaanza na Enterprise, mfululizo uliotengenezwa 2001 lakini unaosimulia 2151. Kapteni Archer ana skrini kubwa mbele ya usukani, na tangu msimu wa kwanza anazungumza na wageni wa sayari nyingine uso kwa uso, bila chenga. Watayarishaji wangefanyaje? Mtazamaji wa 2001 asingeelewa chombo cha anga kisicho na skrini. Kisha katika msimu wa nne, mwaka 2005, wakatuonyesha Waromulan wenyewe, masikio na yote. Archer hakuwaona, sisi tuliwaona.

Ukifika "Balance of Terror" ukitokea huko, yanakupata mawili. Spock anadai kwamba zamani hapakuwa na mawasiliano ya picha, nawe umetoka kuyatazama kwa misimu minne. Na skrini inapowaka, hushtuki. Sekunde kumi bora kuliko zote za mfululizo wa kwanza zimekwisha kuliwa. Mara ya kwanza nilifuata njia hii ya miaka ya hadithi, na hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Tarehe za ulimwengu huu ziliandikwa na televisheni, kila moja kwa uwezo na bajeti ya mwaka wake. Kile kifaa cha kuwasafirisha watu kwa mwanga kutoka chomboni hadi ardhini kilibuniwa kwa sababu kutua na chombo kikubwa kila wiki kungekula fedha nyingi mno. Sare zilikuwa na rangi kali kwa sababu kituo cha NBC, kilichourusha mfululizo, kilikuwa cha kampuni ya RCA, na RCA ilikuwa ikiuza televisheni za rangi. (Shati la Kirk, ambalo kila mtu analijua kuwa la dhahabu, kitambaa chake kilikuwa cha kijani. Taa na filamu ndizo zilizolibadilisha.) Paji la uso la Mklingon, mtu wa taifa la wapiganaji wa anga, lilikuwa laini 1967, likaja kuota matuta kwenye filamu ya 1979 fedha zilipopatikana.

Hilo la matuta lina utani wake. Mwaka 1996, Deep Space Nine iliwarudisha wahusika wake ndani ya sehemu ya 1967, wakachanganywa na picha za zamani. Wakawaona Waklingon wa paji laini, wakamgeukia Worf, ambaye ni Mklingon mwenye matuta, wakitaka maelezo. Akawajibu kwa ufupi kwamba ni jambo ambalo Waklingon hawalizungumzi na watu wa nje. Ni jibu la kuvunja mbavu. Enterprise, 2005, ikaja ikalieleza kwa sehemu mbili nzima, mambo ya virusi na vinasaba. Anayefuata miaka ya hadithi anapewa somo la vinasaba kwanza na utani baadaye, na utani hauchekeshi tena. Waborg, maadui ambao ni nusu mtu nusu mashine, nao ni vivyo hivyo: walibuniwa wawe tishio ambalo hakuna aliyelijua hadi 1989 katika "Q Who", lakini kwa hesabu ya hadithi unakutana nao 2153.

Pale miaka ya hadithi inaposhinda

Haki yake nayo tuipe. Enterprise inakupa watu wanaokiogopa kile kifaa cha kusafirisha, wanakikaribia kama mtu aliyeambiwa apande lifti inayotoa moshi. Bado hakuna Shirikisho la sayari, hakuna amri kuu ya kutoingilia mambo ya wengine, wanabahatisha tu. Ukiyapitia hayo, sheria za kina Kirk na Picard, kapteni wa The Next Generation, zinakuwa na uzito wa kitu kilichogharimiwa. Na kwa jicho la leo, picha ya 2001 inatazamika kirahisi kuliko mapango ya plastiki ya 1966.

Kisha kuna Kapteni Pike, aliyeiongoza Enterprise kabla ya Kirk. Katika Discovery, msimu wa pili, Pike anaoneshwa mustakabali wake: ajali, uso ulioungua, mwili uliofungwa kwenye kiti. Strange New Worlds yote inamfuata akiishi huku analijua hilo. Wafuasi wa miaka ya hadithi husema umtazame Pike mzima kwanza, umpende, ndipo ukione kiti katika "The Menagerie" ya 1966. Ni hoja nzuri. Mimi siafikiani nayo. Ukianza na 1966, kile kiti unakijua kabla hujamwona Pike akipika jikoni na kuwachekesha maafisa wake. Unakaa naye mezani ukiujua mwisho, kama anavyoujua yeye. Njia ile nyingine inakufanya umhurumie, hii inakuweka kitini pamoja naye.

"The Menagerie" yenyewe ni televisheni ndani ya televisheni. NBC ilikuwa imeikataa sehemu ya kwanza kabisa ya majaribio, "The Cage", ikaagiza nyingine. Baadaye ratiba ilipowabana, watayarishaji wakaifufua ile iliyokataliwa kwa kuizungushia hadithi mpya: Spock yuko mahakamani, na ushahidi wake ni picha zinazooneshwa kwenye skrini. Kirk anashtuka, hakuna chombo kinachorekodi kwa undani namna hiyo. Zinatoka wapi? Zinarushwa moja kwa moja kutoka sayari iliyokatazwa. Kituo kilikataa kipindi, na kipindi kikarudi kama matangazo ya wageni wa anga.

Mitego ya njia ya pili

Sehemu ya mwisho ya Enterprise, Mei 2005, haisimuliwi kutoka 2161. Inasimuliwa na Riker, zaidi ya miaka mia mbili mbele, akiitazama safari ya Archer katika chumba cha maonyesho ya hologramu wakati wa matukio ya "The Pegasus", sehemu ya The Next Generation ya 1994. Aliyeanza na Enterprise hamjui Riker, hajui kwa nini mtu huyu ana wasiwasi, wala siri anayohangaika nayo. Anamaliza mfululizo wake wa kwanza kwa kumtazama mtu asiyemjua akiwatazama watu anaowajua. Wapenzi wengi wa Enterprise walikasirika hata waliofuata mpangilio wa kurushwa, sembuse wewe.

Discovery inakulazimisha usimame baada ya msimu wa pili, uende kutazama karne zote zilizobaki, kisha urudi kwenye msimu wa tatu. Strange New Worlds ina sehemu ambayo wageni wake wametoka Lower Decks, zaidi ya miaka mia mbele yao. Yote yanawezekana, ila utahitaji daftari.

Mitego ya njia ya kwanza ni michache lakini ni mizito: mfululizo wa 1966 una sehemu 79 na si zote za kutazamika, na The Next Generation inajikongoja misimu yake miwili ya mwanzo. Tiba ni kuruka. Chagua kumi na tano za mfululizo wa kwanza, halafu ingia The Next Generation, onja ya mwanzo, na ukiona unasinzia nenda moja kwa moja msimu wa tatu. Hakuna atakayekukamata.

Jaribio la hadithi saba

Kabla hujajitosa kwenye sehemu 900, zijaribu njia zote mbili kwa uzi mmoja tu: televisheni yenyewe ndani ya ulimwengu huo. Ni hadithi saba, mbili kati yake zina sehemu mbilimbili, jumla kama saa saba.

Kwa miaka ya hadithi unaanza na "Carbon Creek". Ni 1957, Wavulcan wamekuja kuichunguza setilaiti ya Sputnik, chombo chao kinaanguka, wanajificha kwenye mji wa wachimba makaa huko Pennsylvania na kuyafunika masikio yao kwa kofia. Watu hawa hawacheki wala hawakasiriki. Lakini mmoja wao, Mestral, ananogewa na maisha ya hapo hadi hataki kukosa kipindi cha vichekesho cha I Love Lucy jioni. Utani una tabaka la pili: studio iliyotengeneza Star Trek ya kwanza ilikuwa Desilu, ya Lucille Ball, Lucy mwenyewe. Mgeni wa anga ameketi anamtazama mwanamke ambaye studio yake ndiyo itakayowatambulisha Wavulcan kwa dunia.

Baada ya hapo ni "Future's End", Los Angeles ya 1996. Chombo cha Voyager kimerudi nyuma kimiaka kwa bahati mbaya, kimepigwa picha na mtu wa mtaani, na jioni kinatokea kwenye taarifa ya habari. Juu angani Neelix na Kes, wageni wa sayari nyingine waliomo chomboni, wamepewa kazi ya kufuatilia matangazo ya Dunia, na badala yake wamenasa kwenye tamthilia ya mapenzi: nani baba wa mtoto, huyu au pacha wake? Kisha "Past Tense", San Francisco ya 2024, ambako maskini wamefungiwa kwenye mtaa wenye kuta na kinachopiganiwa ni nafasi ya kusikika na taifa. Wanaipata kupitia mtandao, si kituo cha televisheni. Iliandikwa ikarushwa Januari 1995, wakati kaya nyingi hazijawahi kuuona mtandao. Baadaye ni "A Space Adventure Hour" ya Strange New Worlds, ambamo chumba cha hologramu kinachojaribiwa kinajenga mauaji kwenye studio ya televisheni ya miaka ya 1960, inayotengeneza kipindi cha anga kinachofanana mno na Star Trek yenyewe na kilicho hatarini kufutwa. Halafu "Bread and Circuses": sayari ambako Dola ya Roma haikuanguka, na wapiganaji wanachinjana studioni, makofi yakitoka kwenye mashine. Mpiganaji akilegea anatishiwa kwamba akishusha idadi ya watazamaji atatengenezewa kipindi maalumu chake mwenyewe. Halafu Clemonds na swali lake.

Ya mwisho ni "Memorial" ya Voyager. B'Elanna, mhandisi wa chombo, amemtengenezea mpenzi wake, rubani Tom Paris, seti ya televisheni ya 1956, yenye rimoti na vipindi vya enzi hizo, sanduku la mbao ndani ya chombo kinachoweza kukujengea ulimwengu wowote wa hologramu. Tom anaganda mbele yake kama mtoto. Kisha katikati ya kutazama, anajiona yeye mwenyewe kwenye kioo, yumo vitani, anafyatua risasi katika mauaji asiyokumbuka kuyashiriki. Kumbukumbu za watu wengine zimepandikizwa kichwani mwake. Kati ya vifaa vyote vya karne ya 24, waandishi walichagua lile sanduku la mbao ndilo limwonyeshe.

Zitazame kwa mpangilio huo na utapata historia iliyonyooka ajabu: televisheni inavutia, inanasa, inapisha mtandao, inakufa karibu na 2040, na inarudi kama kitu cha kale cha kuchezea. Data hasemi kilichoiua. Ila filamu ya 1996 inaweka mkutano wa kwanza na Wavulcan mwaka 2063, miaka kama kumi baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, na unaweza kujijazia mwenyewe.

Zipange kwa kurushwa na zinakuwa kitu kingine: 1968, 1988, 1995, 1996, 2000, 2002, 2025. "Bread and Circuses" sasa ndiyo ya kwanza, na inauma. Ilirushwa 15 Machi 1968. Wiki mbili kabla, 1 Machi, NBC ilikuwa imetangaza hewani kwamba Star Trek itaendelea, baada ya watazamaji kuandika barua kwa wingi kupinga kufutwa kwake. Msimu uliofuata ikasukumwa Ijumaa saa nne usiku, na 1969 ikafutwa. Ile kauli ya kumtisha mpiganaji kuhusu idadi ya watazamaji iliandikwa na watu waliokuwa wakiishi chini ya tishio hilohilo. Na anayekuja kuitazama ya 2025 baada ya hizo anaona wajukuu wakiigiza hofu ya babu zao.

Kwa hadithi saba, nakubali, miaka ya hadithi inapendeza zaidi. Kwa 900 hapana. Uzi mmoja unavumilia kupangwa upya. Kazi nzima, kila sehemu ikiwa imeandikwa na mtu aliyekwisha kuziona za nyuma yake, haivumilii.

Kwa hiyo: kama hujaona chochote, fuata kurushwa kwa kurukaruka. Kama macho yako hayawezi kabisa kuivumilia 1966, anza na Strange New Worlds, misimu yake ni mifupi ya sehemu kumikumi, ila ukubali kwamba Pike utamjua kwa njia ile nyingine. Kama umekwisha kuona sehemu kubwa na unataka kurudia, hapo miaka ya hadithi ni yako, na ni raha. Jambo moja tu: ukimaliza sehemu ya kabla ya mwisho ya Enterprise, isimamishe hapo. Ile ya mwisho iweke hadi umalize "The Pegasus", kisha irudie papo hapo, usiku uleule.